Kiraka cha Vioo Viwili

Bao'an, Shenzhen
8 Septemba 2024

Mdogo wangu Jinhe,

Hujambo wewe? Sisi huku wazima, joto tu ndilo linalotutafuta. Goti la Mama limetulia tangu aanze kujichua kwa ile dawa uliyomletea, ingawa ukimuuliza anasema ni mababu waliomsikia, dawa imesindikiza tu. Anakusalimu kwa jina lako la utotoni, ambalo siliandiki hapa usije ukafungua bahasha mbele za watu. Mabalungi ya kwetu Meizhou yameanza kuiva. Anauliza huko Richmond mnakula nini siku ya mwezi mpevu. Nimemwambia Richmond imejaa Wachina, hutakufa njaa.

Najua Mama alitukataza. Siku ulipochukua kazi Ostrander alitukalisha mezani akasema: mmoja anatengeneza mashine za gemu za mkononi Shenzhen, mwingine anatengeneza hizo hizo Kanada, basi mtaandikiana kwa karatasi, na kwenye karatasi kazi hamtaitaja. Nimejitahidi, wewe shahidi. Miaka yote hii nimekuandikia habari za magoti na mabalungi. Lakini leo nikinyamaza nitapasuka.

Mashine yetu ya kwanza ilitoka ikakuta wakubwa wameshatoa yao. Ya pili ilikuwa nzuri, hata wewe ulikubali, na wiki ile ile jamaa wa Dongguan wakatoa inayofanana nayo kwa bei ya kutupa. Hii ya tatu tumeiita Maque, yaani shomoro, na ina kitu ambacho hakuna mtengenezaji wa mashine za Linux aliye nacho. Sisemi ni nini. Nasema tu kwamba ikitoka kabla ya Mwaka Mpya wetu, mwishoni mwa Januari, na ikawa ya kwanza, kampuni yangu inaishi. Ikitanguliwa, naifunga Yuntan. Watu wote hawa waliobaki nami tangu tulipokuwa tukikaa juu ya duka la tambi, waende wakaombe kazi kwa hao hao waliotutangulia. Sikutishi. Mwenye jengo nimekwisha mwambia.

Injinia Pang anakusalimu. Ni yule yule, mzee wa ndala ofisini, na hataki kusikia mfumo mwingine zaidi ya Linux. Juzi mtu wa mauzo alitaja Windows mbele yake, akabeba bakuli lake akaenda kula kwenye ngazi.

Usinijibu habari za kazi. Nijibu umekula nini.

Dada yako mwenye mdomo,
Suqin


Richmond, British Columbia
2 Oktoba 2024

Dada Suqin,

Bahasha niliifungua kazini kweli, kwa hiyo ahsante kwa kulificha lile jina. Mimi mzima. Mvua zimeanza na hazina nia ya kuacha. Siku ya mwezi mpevu nilikula supu ya wonton peke yangu, na mwezi wenyewe sikuuona kwa mawingu. Mwambie Mama nilikula keki mbili. Nilikula moja.

Bado niko kwenye chumba kile kile cha chini ya nyumba. Kibali changu bado kimefungwa kwa Ostrander, yaani siku nikiacha kazi nakiacha na kibali. Ombi la ukaazi liko serikalini, limekaa tu. Hata simu ninayotumia ni yao, na wana ruhusa ya kuisoma, ndiyo maana nasema Mama na karatasi zake ana akili kutushinda wote.

Yale ya mashine yako sikuyasoma. Niliyasoma, lakini hukuniandikia. Tuelewane hivyo.

Injinia Pang nisalimie sana. Mwambie apunguze maneno. Anaongea mahali penye masikio. Mwambie hivyo hivyo, na asipoelewa mwambie anyamaze tu.

Balungi la kwanza mle kwa niaba yangu, msiliache likauke kwenye meza ya mababu kama mwaka jana.

Mdogo wako,
Jinhe


Bao'an
28 Oktoba 2024

Jinhe,

Mama hajambo, balungi tumelila, lilikuwa chachu. Salamu zimetosha.

Hivi wewe una nini na Pang? Nilisoma yale maneno yako mara ya kwanza nikakasirika, mara ya pili nikaingia ofisini kwake nikafunga mlango. Nikamuuliza, umeongea nini na wapi? Akanijibu bila hata kupepesa macho: "Sijaongea, nimepeleka kiraka barazani. Tarehe ishirini na tano Septemba. Mbona hujaniuliza siku zote hizo?"

Wewe unayajua haya kuliko mimi, lakini acha nikuandikie nilivyoelewa, ujue kwamba sasa mtu hanidanganyi. Vioo vya mashine zetu ni vya kusimama wima kama vya simu, sisi tunavilaza. Linux isipoambiwa, ukiwasha mashine picha inalala ubavu. Kwa hiyo ndani ya Linux kuna jedwali la majina: mashine fulani, geuza picha hivi. Na kuingia kwenye jedwali hilo unapeleka kiraka chako, yaani mistari michache ya kuongeza, kwenye lile baraza la barua pepe ambalo dunia nzima inasoma, pamoja na jina lako halisi, unasubiri mkaguzi aandike "Imekaguliwa na fulani". Bwana Pang kapeleka. Kaandika Maque, jina zima! Na kaandika mistari miwili. Mashine moja, mistari miwili, kioo kimoja kila mstari. Mwenye akili hata robo ataelewa kwamba tunatengeneza mashine ya kufunguka kama kitabu, yenye vioo viwili. Nilimpigia kelele mpaka watu wa chini wakapanda kutazama. Unajua alinijibu nini? "Linux tunapewa bure kwa sababu watu wanafanya kazi mlango wazi. Nikipitia dirishani mimi ni nani?" Nikamwambia, pitia unapotaka, lakini usiwaamshe majirani!

Sasa limeshamwagika. Lakini kiraka kimekaa mwezi mzima hakuna aliyejibu, na mkaguzi wa jedwali lile ni wewe, tangu ulipokuwa chuo. Kwa nini umenyamaza? Usiniambie tukitie wenyewe ndani ya mfumo wetu, tumekitia. Wateja wetu unawajua, siku ya kwanza wanafuta mfumo wetu na kupakia Linux waipendayo wao. Wakiwasha na kukuta picha imelala, watajipiga video wamepinda shingo, na tumekwisha.

Sikuombi siri ya mtu. Nakuomba maneno mawili na jina lako, kazi unayomfanyia kila mtu bure. Nimemwambia Pang, ikifika katikati ya Novemba hujajibu, akumbushie hapo barazani.

Suqin


Richmond
12 Novemba 2024

Dada,

Natumaini Mama yu mzima na baridi haijaliamsha goti.

Siwezi. Usiniombe tena kitu hicho, na usiniulize sababu. Pang asikumbushie. Asiandike hata neno moja pale barazani, hata salamu. Ukiipata barua hii mwambie hapo hapo, usingoje amalize chai.

Najua utavunja kikombe. Vunja kile cha bluu, sikukipenda tangu zamani.

Mashine yenu itoeni mapema kuliko mlivyopanga. Zaidi ya hapo sina la kusema.

Jinhe


Bao'an
4 Desemba 2024

Liao Jinhe,

Nasikia posta ya huko imegoma, kwa hiyo kama uliniandikia, barua yako imelala kwenye gunia. Hii naituma kwa kampuni ya vifurushi kwa sababu nataka ikufikie ikiwa bado ya moto. Nimekupigia simu tangu jana. Imezimwa.

Ostrander wametangaza. Mashine ya mkononi ya Linux, inafunguka kama kitabu, vioo viwili. Wameonyesha michoro tu, mashine yenyewe hata ganda hawana, lakini wana jina, na jina linatosha. Wauzaji wangu wa Ujerumani wameniandikia asubuhi hiyo hiyo kwamba "watasubiri kwanza waone". Waone nini? Waone nikifa!

Pang alikumbushia tarehe kumi na nane, kwa adabu zake zote, "naomba radhi kwa kuwasumbua". Wiki mbili baadaye tangazo. Sasa hali chakula. Anakaa na ndala zake anasema ni yeye, ni yeye. Mimi nimemwambia si yeye. Pang alifungua mlango, lakini kati ya wote waliopita pale, anayefanya kazi Ostrander na anayelijua jedwali lile kama kiganja chake ni mmoja. Ulikiona tangu siku ya kwanza. Ndiyo maana ukaniandikia "apunguze maneno". Ulikiona, ukakikalia ili picha yangu ilale, kisha ukawapelekea mabosi wako habari. Nimejaribu kupata maelezo mengine nimekosa.

Nilikubeba mgongoni mpaka shule ya chini ya kilima, mvua ikinyesha, kwa sababu hukutaka viatu vipya vilowe. Nakukumbusha ujue umemuuza nani.

Mama sijamwambia. Nitamwambia siku ya kufunga mlango, aje ashuhudie.

Suqin


Richmond
20 Desemba 2024

Dada Suqin,

Barua yako imefika. Safari hii kikombe nimevunja mimi.

Sijauza kitu. Sitasema zaidi, na si kwa kiburi. Kuna watu huku wanaoweza kutaka kuzisoma barua zangu, na nikikueleza kitu kwenye karatasi nitakuwa nimekuingiza wewe pia. Nikasirikie, hasira yako naijua na nimeizoea.

Kazini kuzuri. Simu nimebadilisha, nambari nitakuletea nikitulia. Barua yangu ya Novemba itakufikia siku moja, mgomo umeisha. Ikifika usiicheke.

Kesho ni siku ya usiku mrefu kuliko wote wa mwaka. Nimenunua unga wa mchele nijipikie vidonge kama vya Mama, najua vitapasuka majini kama mwaka jana. Mwambie nimevaa soksi.

Jinhe


Bao'an
15 Januari 2025

Jinhe, Jinhe wangu,

Mama mzima. Mimi siwezi kusema mzima.

Leo asubuhi Pang amepanda ngazi akikimbia, Pang huyu, ndala moja mkononi. Akanigeuzia kompyuta yake. Barazani, chini ya kiraka chetu: "Imekaguliwa na Liao Jinhe." Na mwenye jedwali, anayengoja tu neno la mkaguzi, akakipokea kabla sisi hatujamaliza kuangaliana. Watu wakapiga makofi. Mimi nikawa naangalia anwani iliyofuata jina lako. Miaka yote hii imekuwa ya Ostrander. Leo ni ile ya zamani, uliyoifungua ukiwa shule, yenye jina la mbwa wetu.

Nikamuuliza Pang, mtu hubadilisha anwani lini? Akavaa ndala yake, akasema: "Akiwa hana kazi tena."

Halafu nikamuuliza lile lingine. Kwa nini alinyamaza miezi yote ile? Pang ndiye aliyenifafanulia, na uso wake ulikuwa wa kijivu. Kwamba barazani viraka vinashuka kama karatasi kwenye rundo, na kila anayejibu, hata kwa neno moja, anakirudisha kile kiraka juu kabisa mbele ya macho ya kila mtu. Ungekikagua ungekiinua. Ulikiacha kizame. Ulikuwa unakaa na wenzako wa Ostrander kila siku, mnakula meza moja, na ulikuwa unajua, na hukusema. Na mimi ndiye niliyemwambia Pang akumbushie! Mimi ndiye niliyekiinua! Barua yako ya Novemba, "hata salamu", imefika Jumatatu, na ile ya Desemba imefika jana. "Kazini kuzuri." Mwongo mkubwa wewe. Mwongo!

Nimelia ofisini mbele za watu, na unajua mimi silii.

Sasa nisikilize. Maque inatoka tarehe ishirini, picha imesimama vioo vyote viwili. Ostrander hawana kitu mpaka kiangazi. Wangejua Septemba wangekuwa nacho sasa hivi. Tumekuwa wa kwanza, na umetufanya wewe. Chumba cha pembeni, chenye dirisha la upande wa barabara, nimekitoa maboksi. Meza ipo. Pang amefuta vumbi kwa mkono wake. Rudi, kazi ni yako, cheo jichagulie. Simalizi barua hii kwa heshima kwa sababu naharakisha, gari la vifurushi linapiga honi chini.

Dada yako,
Suqin


Richmond
3 Februari 2025

Dada,

Heri ya Mwaka wa Nyoka. Mama nimezungumza naye kwa simu mpya, kasema nimekonda kwa kunisikia sauti. Video za Maque nimeziona. Ile ya yule bwana wa Korea aliyefuta mfumo wenu na kupakia Linux yake mwenyewe, akaiwasha, akasema "imesimama", nimeirudia mara nyingi kuliko inavyofaa.

Uchunguzi wao wameufunga, sasa hakuna tena wa kunisomea barua, naweza kukueleza. Uliposema nimekuuza ulikuwa umechelewa, walikuwa wameshanitoa. Pang alipokumbushia, mtu wa idara nyingine akakiona. Wakatazama tarehe ya kwanza, wakatazama mkaguzi ni nani, wakatazama jina langu la ukoo na la mwenye Yuntan. Wakaniita kwenye chumba cha vioo, wakachukua simu. Wakaniuliza kwa nini sikuwaambia. Nikawajibu kwamba pale barazani mimi si mtu wao, nilikuwa pale kabla yao, na wao wenyewe wanapeleka viraka vyao nami navikagua bila kumpelekea mtu habari. Wakasema mfanyakazi mwaminifu angesema. Wakasema mimi ni jasusi wako.

Kibali kimekwisha nacho. Narudi Meizhou mwezi wa tatu.

Lakini kwako siji, Dada. Usikunje uso, soma mpaka mwisho. Nikikalia ile meza ya dirishani, kila mtu atasema Ostrander walikuwa na haki, kwamba nilikuwa wako tangu mwanzo. Ukiangalia nilivyofanya, siwezi hata kuwabishia vizuri. Sikuwaambia, na wewe pia nilikuambia "itoeni mapema". Sikulala vizuri juu ya neno lile na mpaka leo silali vizuri. Nimebakiwa na jina pale barazani, basi. Watu wanaamini nikiandika nimekagua, nimekagua. Nikilipoteza hilo sina kitu cha kumletea Mama zaidi ya sanduku la nguo.

Maboksi yarudishe chumbani. Pang mwambie ahsante kwa vumbi.

Jinhe


Bao'an
24 Februari 2025

Jinhe,

Mama amekutandikia kitanda tayari, na umebakiwa na wiki tatu, kwa hiyo jiandae kulishwa tofu ya nyama asubuhi na jioni.

Habari ya meza sitakujibu sasa, tutagombana uso kwa uso. Hii naituma kwa haraka kwa jambo lingine.

Jana Ostrander wamepeleka kiraka chao barazani. Mashine yao, mistari miwili, vioo viwili. Pang amekisoma, akakisoma tena, akaja kwangu anatabasamu, na mtu huyu hatabasamu. Kioo chao cha pili ni kile kile chetu, cha kiwanda kile kile cha hapa Longgang, na mafundi wa kiwanda hiki hukifunga kioo hicho juu chini, ndiyo maana sisi tulipata shida nacho mwezi mzima. Wao wameandika kama kioo cha kawaida. Aliyeandika hajaishika mashine, ameandika kwa kukisia. Kikiingia hivyo, kila atakayepakia Linux yake kwenye mashine yao atakuta kioo cha chini kimesimama kwa kichwa.

Sasa ninachokuomba ni kidogo. Usikikatae, usikicheleweshe, usiandike uongo wowote. Weka jina lako kama unavyoweka siku zote na usitaje kioo cha pili. Basi. Hiyo si hila, ni kunyamaza tu, na kunyamaza unakujua wewe, ulininyamazia mimi miezi minne. Wanyamazie na wao mara moja.

Wauzaji wa Ujerumani wamerudi, lakini bado mguu mmoja ndani mmoja nje. Wanangoja waone ya Ostrander. Wakiona kioo kimepinduka, watakaa kwangu, na watu wangu wote watakuwa na kazi mwakani. Wakiona safi, sijui. Kwa kweli sijui, Jinhe. Siandiki hivi kwa chuki, ingawa chuki ninayo na ninaitunza vizuri. Walikutoa kama taka. Walikuita jasusi. Huwadai kitu.

Nijibu. Au usinijibu, fanya tu.

Suqin


Richmond
6 Machi 2025

Dada Suqin,

Barua yako imefika nikifunga sanduku. Nimemaliza chai, nikaketi, nikakifungua kiraka chao.

Pang yuko sahihi. Kioo cha pili kimeandikwa vibaya. Nimewaandikia pale barazani, mbele ya kila mtu: "Kioo hiki kinafungwa juu chini, tazameni mstari wa Maque." Wakarekebisha saa hiyo hiyo. Nikaandika imekaguliwa, nikaweka jina.

Aliyekileta ni kijana mmoja niliyemfundisha kazi mwenyewe, tulikuwa tunakaa meza moja. Ameniandikia pembeni, neno moja, ahsante. 

Najua nimekufanya nini. Nilikaa mbele ya kitufe muda mrefu nikikuwaza wewe na wale watu wa juu ya duka la tambi. Mwaka jana nilinyamaza kwa ajili yako, na lilipojulikana nikaweza kuinua kichwa kidogo kwa sababu kazi yenyewe sikuiharibu, niliiacha tu ikae. Hili lingekuwa kuiharibu. Ningeweka jina langu chini ya kitu ninachojua kimepinduka, na siku moja mtoto fulani angewasha mashine yake akakuta dunia imesimama kwa kichwa, na chini yake pameandikwa kwamba mimi nimekagua.

Kama utaifunga Yuntan kwa sababu hii, nitakuja kubeba maboksi. Usiponifungulia mlango nitayabeba kutoka nje.

Ndege ni tarehe kumi na saba.

Jinhe


Bao'an
6 Aprili 2025

Kwa Jinhe, nyumbani kwa Mama, Meizhou

Sikuja kwa Qingming, siku ya makaburi. Mama kanipigia akasema mlifagia kaburi la Baba wawili tu, na kwamba ulipanga machungwa vibaya na yeye akayapanga upya. Nilikuwa na kazi. Hiyo ni sababu moja. Nyingine unaijua.

Barua yako ya Machi niliisoma nimesimama, nikaikunja, nikaitupa kwenye kapu, jioni nikaitoa. Kiraka chao umekikagua siku moja, changu miezi minne. Nililisema hilo kwa sauti kwa siku kadhaa, mpaka watu wakaanza kunikwepa kwenye ngazi. Mashine ya Ostrander inatoka Mei, na picha itasimama. Wajerumani wamechukua nusu ya walichoniahidi. Nusu inatosha kulipa watu mpaka Oktoba, baada ya hapo tutaona. Sifungi mlango mwaka huu. Nakuambia ili ulale, si kwa sababu nimekusamehe.

Lakini kuna hili. Pang amemaliza mashine ya nne. Sikuandikii ina nini. Kiraka chake kilikuwa tayari tangu wiki iliyopita, na mimi nikamwamuru akifungie kabatini mpaka siku ya kuuza, asirudie ujinga wa mwaka jana. Akaniuliza, mkaguzi wa jedwali siku hizi ni nani? Nikamwambia ni yule yule, amekaa kwa mama yake anakula tofu. Akaniuliza, yule aliyewasahihishia Ostrander kioo chao? Nikasema huyo huyo, na usinikumbushe. Akasema, "Basi nakituma leo. Kwa mtu kama huyo mimi sihitaji kabati."

Nilibishana naye mpaka chakula kikapoa. Nikamwambia wataona, watatuiga, watatutangulia. Akasema wataona, ndiyo, na wataona vilevile kwamba cha kwetu kimekaguliwa na mtu asiyeogopa dada yake. Nikamvutia kiti akae kwenye kompyuta. Mimi!

Amekituma saa tisa mchana, jina zima, mistari yote. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na ni mimi niliyesema haya, bonyeza. Kitakufikia kabla ya barua hii. Kikague kama unavyokagua cha mtu yeyote, na ukiona kosa mwaibishe Pang mbele ya watu, atafurahi.

Jumapili nakuja na basi la asubuhi. Mwambie Mama aongeze wali.

Suqin